Mawe Kumi Niliyochukua Kabla ya Mbio za Kajiado

Iko siku moja ninayoikumbuka kuliko siku niliyooa, na kuliko siku nilipofungua duka langu la kwanza la mabati na simiti hapa Kitengela. Mwanangu, nimesikia wewe na wenzako wa kanisa mmejiandikisha kukimbia kilomita ishirini na moja, zimebaki wiki tatu, na bado hamjafunga hata kamba ya kiatu. Mmekuja kuniuliza kama inawezekana. Mnaniuliza mimi kwa sababu mnajua niliwahi kukimbia, na kwa sababu mkiangalia lori zangu tatu mnaona mtu ambaye hajawahi kushindwa na kitu. Karibu mseme kweli. Lakini jibu langu ni refu, na ndani yake kuna kitu ambacho sijakieleza hata kwa pasta.

Mimi darasa la sita sikumaliza. Nilitoka Makueni na begi moja nikaja kukata mawe katika machimbo ya nyuma ya Kitengela, wakati hizi ploti zote hazijajaa mageti na mbwa. Kwa nyundo na patasi hakuna aliyenishinda, na baadhi ya waliokuwepo wako hai, waulizwe. Ila vumbi la mawe haliulizi fundi ni nani. Wanaume wawili tuliokula nao githeri sufuria moja tulikuwa tumeshawazika, vifua vimekauka kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, na mimi nilikuwa nimeanza kukohoa asubuhi. Mke wangu Mwikali alikuwa na mimba yetu ya kwanza, miezi minane. Alikuwa ananisikiliza nikikohoa.

Ndipo tajiri mmoja wa ng'ombe akatangaza mbio kutoka Isinya hadi Kajiado mjini. Wa kwanza angepewa pikipiki mpya. Wa pili, blanketi. Pikipiki kwangu ilikuwa ni kutoka kwenye vumbi, nibebe abiria niache nyundo. Ilikuwa ni mtoto azaliwe amkute baba, na azidi kumkuta. Habari ilinifikia zikiwa zimebaki wiki tatu kamili.

Nikamwambia Mutiso, tuliyekuwa tunakata naye mawe, kwamba pikipiki hiyo ahesabu ni yangu.

"Wewe Kyalo," akasema, "ulikimbia wapi lini?"

"Niko na kifua."

"Kifua uko nacho. Na kikohozi kiko ndani kimekaa kama mpangaji."

Shimo lote likacheka. Siku hiyo hiyo nikaazima baiskeli yake, kwa sababu nilitaka kupima njia.

Chumba changu cha mabati kilikuwa kwa Mzee Lemayian, mzee wa Kimasai mwenye ardhi ile, mtu mrefu wa maneno machache. Kutoka boma lake kulikuwa na njia ya ng'ombe iliyonyooka katikati ya mbuga kuelekea upande wa Isinya. Alinikuta nikifunga kitambaa kwenye gurudumu ili nihesabu mizunguko.

"Sopa," akanisalimu.

"Epa," nikajibu, mkono bado uko kwenye gurudumu.

Nilipomweleza, akaangalia miguu yangu, akaangalia mbuga. "Layioni, wiki tatu haioteshi mguu mpya. Inaamsha tu ule uko nao. Leo ukimbie, kesho utembee, kesho kutwa ulale. Na ukikimbia, uweze kuongea na mtu. Ukishindwa kuongea, punguza."

Layioni ni kijana ambaye bado hajatahiriwa, na mimi nilikuwa mwanaume mwenye mke. Neno lilinichoma. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni mwendo ya ng'ombe."

"Ng'ombe hufika," akasema, akaenda zake.

Sasa sikiliza kosa langu, mwanangu, kwa sababu si kosa la kukimbia tu. Katikati ya ile njia kulikuwa na rundo la mawe, urefu wa kifua cha mtu. Chini yake alikuwa amelazwa mzee mkubwa wa zamani, wa kabla ya babu yake Lemayian. Kila mtu akipita pale husimama, huokota jiwe au nyasi mbichi, huweka juu ya rundo, kisha huendelea. Mchungaji, mama mwenye kuni, mwenye redio begani, wote. Mimi pia nilijua. Ila mtu wa machimbo akiona mawe yamepangwa anaona kazi iliyofanywa tayari. Nilitaka alama za kilomita, mawe ya ukubwa wa kichwa, na kwenye mbuga ile hakuna. Kwenye rundo yalikuwepo. Nilichukua kumi. Niliyabeba kwenye keria ya baiskeli, nikayapaka chokaa, nikaweka moja kila kilomita. Kwenda kumi, kurudi kumi, hiyo ni ishirini. Nilijiona na akili sana.

Nilikimbia kila siku kabla ya kazi, jua likiwa limeshatoka. Sikupumzika hata siku moja. Na nikipita kwenye rundo, sikusimama. Nitasimamaje na wiki ni tatu?

Siku ya nne, nilipofika kwenye jiwe la kumi ili nigeuke, niliona mbele yangu jiwe lingine jeupe. La kumi na moja.

Nilimuuliza Mutiso kama ni yeye. "Mimi nibebe jiwe kilomita kumi, bure?" akasema. "Kyalo, hilo vumbi limepanda kichwani."

Siku ya tano nikasikia miguu. Ilikuwa nyuma yangu, hatua kwa hatua na yangu, mpaka ukisikiliza vibaya unadhani ni mwangwi. Lakini mbuga haina ukuta wa kurudisha sauti. Niliposimama, ile miguu ilipiga hatua moja zaidi ndiyo ikanyamaza. Hatua moja tu. Nikageuka. Nyasi, jua, vumbi langu mwenyewe linashuka polepole.

Nikaongeza mwendo. Kesho yake nikaongeza tena. Na hapo, mwanangu, ndipo ujinga wangu ulinenepa, kwa sababu nilianza kuona faida. Nilikuwa nakimbia kuliko vile nilivyowahi kukimbia maishani. Machimboni nilijigamba kwamba muda wangu unashuka kila siku. Sikuwaambia nilikuwa nakimbizwa. Sikuwaambia kwamba goti lilivimba, kwamba Mwikali alikuwa ananikanda muundi na maji ya chumvi mpaka ananiumiza, wala kwamba mkojo wangu ulikuwa umegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Kikohozi nacho kilikuwa kinazidi.

Kilichonimaliza ni wanyama. Siku hizo swala na punda milia walikuwa wanakuja mpaka karibu na maboma. Ukipita, huinua vichwa wakuangalie, kisha hurudi kula. Siku ya tisa waliinua vichwa, kundi zima, wakasimama kimya. Lakini hawakuniangalia mimi. Nilipita mbele yao, na macho yao yakabaki pale nilipokuwa. Kisha yakaanza kusogea taratibu, yakifuata kitu kilichokuwa nyuma yangu hatua kama kumi.

Ungeacha, sivyo? Mimi siku ya kumi nilitoka tena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa nimeziba masikio yote mawili kwa jina la pikipiki.

Siku hiyo nyuma kulikuwa kimya. Nilifurahi. Nilipita rundo bila kusimama, na mbele yangu nikaona mtu anakimbia. Alikuwa na fulana ya kijani iliyochanika begani. Mwanangu, fulana hiyo nilikuwa nimeivaa. Mwikali ndiye aliyeishona mchaniko kwa uzi mweupe, na ule uzi nikauona pale mbele, kwenye bega la mtu ambaye hakugeuza shingo. Alikuwa anachechemea mguu wa kushoto kama nilivyokuwa nachechemea.

Ningeweza kugeuka. Lakini mtu wa kiburi akiona mgongo mbele yake haulizi ni wa nani, anataka kuupita. Nikamfuata. Jiwe la saba, la nane, la kumi. Likaja lile la kumi na moja, na yule mtu akalipita akaendelea, hatua ile ile, mbele kabisa, kisha hakuwepo. Hakupungua kwa umbali. Alishuka.

Hapo ndipo muundi ukanikamata kama koleo, nikaanguka kifudifudi kando ya lile jiwe. Nilipoinua kichwa, mkono wangu mmoja ulikuwa unaning'inia hewani. Lilikuwa shimo la machimbo ya zamani, lililoachwa, refu kama nyumba ya ghorofa tatu, na chini maji ya kijani yametulia. Hayakuwa na kiwimbi hata kimoja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilikuwa nimesikia methali hiyo tangu utoto nikidhani ni maneno ya kupamba.

Sijui nililala pale muda gani. Aliyenikuta ni Mzee Lemayian, amefuata ng'ombe zake. Aliketi chini kwanza, akatoa kibuyu, akaninywesha maziwa kidogo kidogo.

"Nilikuona ukipita," akasema. "Ulikimbia kama mtu anayemfuata aliyemkosea."

"Ulimwona, mzee?"

"Mimi nilikuona wewe."

Ng'ombe zake zilikuwa zimesimama mbali, hazitaki kusogea kwenye lile shimo.

"Hizo ndizo ziliona," akasema, akizielekeza kwa kidevu. Kisha akaliangalia jiwe la chokaa, wala hakuuliza limetoka wapi. Alijua. "Unadhani yule mzee wa chini ya mawe ana haja na mawe? Alale na mawe mazito hivyo afurahi nini? Tunaweka jiwe ili tusimame. Mtu ametoka Bisil kwa miguu, amechoka, hajui kama amechoka. Anafika pale, anainama, anaokota, anaweka. Amepumua. Sasa anaendelea akijua miguu yake iko namna gani. Hiyo ndiyo kazi ya lile rundo. Wewe umebeba mahali pa kupumzika, ukapafanya mahali pa kukimbilia."

Nikanyoosha mkono kwa lile jiwe jeupe.

"Rudisha," akasema. "Moja kwa siku. Kwa miguu, bila kukimbia. Hili la mwisho usiguse, hili si lako."

Nilirudisha. Siku kumi, mawe kumi, nimebeba kifuani kama mtoto, natembea. Kila siku nikifika kwenye rundo naweka, nasimama, nasikiliza. Siku za kwanza hatua ile moja ya ziada niliisikia bado. Siku ya sita sikuisikia. Goti likashuka, mkojo ukarudi rangi yake, usingizi ukaja. Kuelekea mwisho nilijaribu kukimbia kidogo nikirudi nyumbani, polepole, nikiongea peke yangu kama mwendawazimu ili nijue nina pumzi. Jiwe la kumi na moja nililitafuta kwa macho siku ya mwisho. Ukingo ulikuwa mtupu.

Nikaenda Isinya kukimbia. Nilianza nyuma ya watu, nikiongea na kijana mmoja wa Oltepesi kuhusu bei ya mbuzi, na wengi waliotoka kama risasi nikawapita wamekaa kando ya lami. Ilipobaki kama kilomita tatu kufika Kajiado nilikuwa wa tano. Wanne wa mbele niliwaona, na wote walikuwa wanayumba. Pikipiki ilikuwa pale, mwanangu. Nilikuwa na nguvu ya kuvuta mwendo.

Nikavuta. Na nyuma yangu, hatua kwa hatua na yangu, miguu ikaanza.

Kando ya barabara kulikuwa na mbuzi wanachungwa. Wakainua vichwa, wote pamoja.

Nilisimama. Katikati ya mbio, watu wananiona. Mmoja akapiga kelele, "Mkamba mafuta imeisha." Niliinama, nikaokota kokoto, nikaiweka pembeni mwa lami, nikapumua mara saba. Miundi yote miwili ilikuwa inatetemeka, na mdomoni nilionja damu. Sikuwa nimejua. Kama si kusimama, nisingejua. Nilipoanza tena, nilitembea kwanza, ndiyo nikakimbia taratibu. Nyuma kulikuwa na watu tu, wanaohema kama watu.

Nilimaliza wa tisa. Pikipiki ilichukuliwa na mchunga ng'ombe wa Bisil. Mwikali alikuwa ameletwa na Mutiso, ameketi juu ya kreti ya soda, mkono tumboni.

"Pikipiki iko wapi?" akauliza.

"Imeenda na mwingine."

"Na wewe?"

"Mimi niko."

"Basi twende nyumbani," akasema.

Nilikata mawe mwaka mwingine na nusu, nimefunga kitambaa cha maji mdomoni kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo, na pikipiki nikanunua mwenyewe. Haya mengine yote mnayoyaona yalitoka hapo, na sitawaficha, nimeyatoa kwa mikono hii. Lakini mara nyingi, nikiona kazi inaniendesha, nimesimama katikati ya yadi, wafanyakazi wanadhani nimesahau kitu.

Basi hili ndilo jibu langu. Wiki tatu zinatosha kumaliza, hazitoshi kujigamba. Kimbia siku moja, tembea siku ya pili, lala siku ya tatu. Ukishindwa kuongea, umeshaenda mbio kupita miguu yako. Wiki ya mwisho acha miguu ikusahau kidogo, wala usijaribu kiatu kipya wala chakula kigeni. Ukiona mkojo umekuwa mweusi, hayo si mazoezi tena, nenda hospitali usione haya. Na kama siku moja utasikia kitu kinakukimbiza, kiwe ni mtu, au deni la maneno yako mwenyewe, au kitu usichokijua jina, usiongeze mwendo. Simama ujue umechoka kiasi gani. Muda mfupi haurefuki kwa kuupiga mbio.

Mungu akupe pumzi ndefu kuliko njia yako, na mguu unaojua kusimama. Wakusubirio mwisho wa barabara wakuone wewe, mzima, ukija. Enda salama, mwanangu.