Kadi ya Nasteha, Masurufu ya Diriye

Kwa miaka thelathini na moja, kila asubuhi baada ya swala, Diriye amempa mkewe masurufu ya siku mkononi. Haachi pesa mezani wala hazitumi kwa simu. Nasteha huzipokea, hutazama noti bila kuzihesabu, na kusema, "Leo nyama iwe na mfupa au bila mfupa?" kana kwamba hajui jibu.

Diriye alikuwa afisa wa mifugo. Alichanja ng'ombe na ngamia tangu Garissa hadi Banissa, na kila aliposafiri kikazi alikunja noti za kila siku kivyake katika karatasi, akaandika juu yake Jumatatu, Jumanne, mpaka siku ya kurudi, akaziweka chini ya kopo la sukari. Mwaka aliostaafu, pensheni ilichelewa miezi minne. Akauza mbuzi madume wawili, kisha redio, kisha saa yake ya mkononi, wala hakuna asubuhi iliyopita mikono mitupu. Nasteha ni karani wa shule ya upili na ana mshahara wake. Mshahara huo ulimsomesha binti yao, Ugbad, ukajenga vyumba viwili vya nyuma. Jikoni lakini haukuwahi kufika. Hapo palikuwa pa Diriye.

Sasa ana miaka sitini na mitatu. Hakuna tena gari la serikali linalopiga honi langoni, na ngamia wa Wajir wanaugua bila kumwuliza. Alasiri hukaa barazani, jua la Garissa likiwa limeibana ardhi mpaka mbwa hawabweki, akimsikiliza Nasteha akipika.

Wazo la kadi lilitoka kwa Ugbad, anayefanya kazi Nairobi. "Mama, unanunua mchele, mafuta, pasta na sabuni kila mwezi," alisema kwenye simu. "Ukilipa kwa kadi ya benki, wanakurudishia kidogo katika kila unachonunua. Mbona uwaachie?"

Nasteha alipiga hesabu nyuma ya bahasha. Akaipenda hesabu yake. Jumatatu akamwambia mumewe, "Twende wote. Wewe ndiye unayejua kusoma maandishi madogo."

Kijana wa benki aliitwa Awil. Alisimama kuwasogezea viti.

"Karibu, Adeer. Karibu, Eddo," alisema, akiwaita baba mdogo na shangazi kama inavyompasa kijana aliyelelewa vizuri.

Diriye alianza na lake. "Kuna riba?"

"Hakuna, Adeer. Ni ada tu ya mwaka, inajulikana tangu mwanzo. Na hicho kinachorudishwa, masheikh wa benki wamekipitisha kama zawadi."

"Benki inatoa zawadi?" Diriye akamgeukia mkewe. "Nasteha, tumeishi tukaona."

"Nyamaza, usije ukaitia zawadi nuksi," alisema Nasteha, lakini alikuwa anacheka.

Diriye akauliza kama yeye mwenyewe anaweza kuomba. Awil akatazama kitambulisho, kisha akatazama meza. "Samahani, Adeer. Mwisho ni miaka sitini. Eddo ndiye mwenye hati ya mshahara."

"Sawa. Hata fahali huwa na umri wake," alisema Diriye.

Kadi zilikuwa mbili, ada ni moja. Ya buluu ilirudisha asilimia tatu kwenye supamaketi na duka la dawa, na bili yake ilikatwa moja kwa moja kwenye mshahara wa mwenye kadi. Ya kijivu ilirudisha asilimia moja popote penye mashine ya kadi, na bili ililipwa kutoka akaunti yoyote ambayo mteja angeitaja.

"Mnatumia kiasi gani supamaketi kwa mwezi?" aliuliza Awil.

"Elfu kumi na tano," walisema Nasteha na Diriye kwa pamoja.

"Basi ni ya buluu, hakuna mjadala. Kwa mwaka inarudi elfu tano na mia nne. Hiyo ya kijivu ni elfu moja na mia nane tu." Awil akavuta fomu, amefurahi kuwa mtu wa habari njema. "Na uzuri wake, Adeer, hutasumbuka tena. Mshahara unalipa wenyewe. Wewe pumzika."

"Vizuri," alisema Diriye. "Nitapumzika."

Mkono wake ulikuwa umepanda kwenye mfuko wa shati, pale anapoweka noti za asubuhi. Ukabaki pale. Nasteha aliuona. Zile elfu tano na mia nne alikuwa ameshazigeuza zaidi ya nusu ya mbuzi wa Idd. Alikuwa hata amemwona rangi yake.

"Andika ya kijivu," alisema.

"Eddo, hiyo ni asilimia moja."

"Nimesikia, sina uziwi. Mimi nanunua nyama na maziwa ya ngamia. Hiyo yako ya buluu haivijui."

"Lakini mwenye kukuuzia maziwa ana mashine?"

"Khadijo? Atanunua."

Diriye hakuweza kujizuia. "Khadijo ambaye noti mpya anaikataa mpaka ichafuke?"

"Wewe umehesabu ngamia za watu maisha yako yote. Niachie jiko langu."

"Tatu ni zaidi ya moja, Nasteha," alisema taratibu.

"Ndiyo. Nilisoma mpaka hapo."

Awil akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaona hapa hakuna kazi yake, akachukua fomu ya kijivu. Akajaza jina la Nasteha, kazi, nambari ya simu. Kisha akauliza, "Bili ilipwe kutoka akaunti gani?"

Nasteha alikuwa ameinamia mkoba wake, anatafuta kitu ambacho hakikuwa na haraka ya kupatikana.

Diriye akakohoa. Akataja nambari ya akaunti yake ya pensheni, yote, kwa kichwa.

"Polepole, Adeer."

Akairudia polepole. Kisha akaivuta fomu upande wake, akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya tarakimu moja baada ya nyingine, benki nzima ikisubiri.

"Hii saba yako inafanana na moja," alimwambia Awil. "Irekebishe. Sitaki mke wangu aaibike dukani."