Nafasi ya Unywele

Kombo wa kisiwa cha Jibondo alizaliwa nyumba ya mafundi wa vyombo vya baharini, akakua akikalafati. Kwa mkalafati upenyo ni adui: ukiuona, uzibe. Elimu nzuri hiyo, kwa mbao. Yeye akaihamishia kwenye chuma.

Ufundi wa injini, miaka ile hifadhi ya bahari ya kwao imeshaanza, hakufundishwa na mtu. Alifungua, akafunga, injini ikawaka, basi akaitwa fundi. Ndipo Shamte, kaka wa mkewe, akamletea injini ya mashua aliyokuwa akivushia maji ya kunywa mpaka Jibondo. Inagonga, na oili haina presha. Kombo akaifungua chini, akaishika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, akautikisa. Ukacheza.

"Beringi imelika," akasema Rabson, fundi wa bara aliyekuja kutengeneza jenereta ya shule. "Nafasi ikizidi, oili yote inamwagikia pembeni, kwingine haifiki. Agiza mpya. Ila usibane, kaka. Acha nafasi ya unywele, oili ipite."

"Nyie wa bara mashua mmeziona kwenye kalenda," Kombo akamcheka. "Upenyo unaachwa, wewe?"

Akakunja karatasi ing'aayo ya pakti ya sigara, akaipachika nyuma ya beringi ile ile kuukuu, akakaza mpaka mkono ukatulia tuli. Injini ikaacha kugonga. Watu wakamsifu, naye akavimba kama samaki bunju.

Siku ya tatu, mashua ikiwa katikati ya maji, oili ilikosa pa kupenya. Chuma kikasaga chuma, kikaungua. Konrodi ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini. Mashua ikaja inavutwa, na madumu yake.

Kombo alipofungua aliona kila kitu: karatasi yake ndiyo iliyoinyima oili njia. Bi Mwanaharusi, mama mkwe wake, amesimama mbele ya watu.

"Kulikoni, baba?"

"Muulize mwanao. Katia oili chafu."

Lilimtoka upesi kuliko mate. Bi Mwanaharusi akamsema Shamte mbele ya kadamnasi: mvivu, hajali watu wana kiu. Shamte hakujibu. Alihamia Utende, ng'ambo ya maji, akawa mlinzi wa hoteli. Miaka minane mama yake hakumpa neno jema, mpaka akafa.

Baada ya hitima Kombo akamfuata Utende.

"Shemeji, oili yako ilikuwa safi. Mimi ndiye niliyebana."

"Najua. Karatasi niliiona siku ile ile ulipofungua."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ningekuumbua, dada yangu angekaaje na wewe? Nikasema fundi ana mdomo, atasema mwenyewe. Nikangoja." Shamte akageuza uso. "Ungekuja mwezi uliopita ningekukumbatia. Mama alikuwa bado anasikia."

Ijumaa ile Kombo alisimama msikitini Jibondo akawaambia wote, hata watoto ambao injini ilipopasuka walikuwa hawajazaliwa. Wakaitikia, "Mungu akusamehe." Shamte hakuja kuwasikia.