Bwawa la Setla wa Rongai

Sipendi mtu mwingine asimulie habari zangu, kwa hivyo nitasema mwenyewe. Niliondoka Nakuru na begi moja, nikarudi kutoka Doha na diploma ya utunzaji wa mabwawa ya kuogelea, na leo nina nyumba ya mawe huko Bahati. Kilichobaki kilikuwa kumwoa Chebet. Babake, mfugaji wa Rongai, alikuwa hajasema ndiyo wala la. Jumamosi nikawapeleka wote wawili kwenye nyumba moja ya setla, mkulima mzungu wa enzi za ukoloni, iliyohifadhiwa karibu na kwao, mzee ajionee kwamba binti yake amepata msomi.

Ndani niling'ara. Nilieleza mahali pa moto, piano, hata vitasa vya shaba, mpaka mwelekezi wa nyumba akaniachia kazi yake. Mzee alinifuata, kofia mkononi.

Nyuma ya nyumba tukakuta mtaro wa saruji, mrefu, mwembamba, unaoenda chini sana, na ngazi upande mmoja. Hapo sasa tulikuwa kwenye taaluma yangu.

"Mzee, hili ni bwawa la kuogelea. Mzungu alirukia huku, akatokea kule kwa ngazi. Wembamba huu ni wa watu wa mashindano."

Chebet akainama kutazama viatu vyake.

"Alikuwa akishindana na ng'ombe wangapi?" mzee akauliza. "Kijana, hii ni dipu. Ng'ombe waliogeshwa dawa ya kupe hapa."

Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mchukue huyu, Chebet. Angalau mambo ya ng'ombe hatawahi kubishana na mimi."