Gari Jekundu na Keki ya Ghorofa Tatu

Saa moja asubuhi, Jumamosi, mpika keki yuko chini ya gari. Inaonekana miguu tu, na kandambili moja imemtoka. Aproni ameitundika kwenye kioo cha pembeni isishike oili. Ndani, keki ya harusi ya ghorofa tatu inamsubiri mezani. Ikifika salama, gari linabaki. Ikipasuka, linauzwa.

Yeye ana miaka thelathini na moja, gari lina ishirini na mbili. Ni dogo, la milango miwili, la gia za mkono, jekundu lililopauka kwenye boneti. Alilinunua kwa bei ya jokofu jipya. Lilitengenezwa kwa watu wa kukimbia, na hadi leo ukigusa pedali ya mafuta kidogo linaruka kama limechomwa sindano.

Mimi ni mama yake. Naandika ili mzazi mwenzangu, ambaye mtoto wake analimezea mate gari la namna hii, ajue mapema. Kulinunua ni rahisi. Kazi ni kulitunza, na kubwa zaidi ni kujizuia kulichezea.

Kulitunza, mwanangu anajua. Oili anabadilisha mwenyewe. Kutu anaisugua kwa brashi aliyostaafisha jikoni. Kila kitu anaandika kwenye daftari lake la mapishi, kwa hiyo ukipita krimu ya limau unakutana na plagi za gari. Mlio wa gari ukibadilika, anaacha kuongea katikati ya neno na kusikiliza.

"Gari la zamani halikufichi kitu," anasema. "Linakwambia. Shida ni sisi tunaongeza sauti ya redio."

Lakini mwaka jana alikosea. Fundi wake alimshawishi afunge springi fupi, gari likae chini, likate kona bila kulala. Kweli lilipendeza. Majirani waligeuza shingo. Mimi nilisema tu kwamba linaonekana kama limekaliwa na tembo, nikaambiwa sijui mambo.

Jumamosi ya kwanza akapeleka keki ya harusi. Springi fupi ni ngumu, na kila shimo la barabara lilipanda moja kwa moja hadi kwenye krimu. Alipofungua buti, ghorofa ya juu ilikuwa imepasuka na kuegemea ya pili kama mgeni aliyezidiwa na kinywaji.

Shangazi wa bibi harusi, ndiye aliyeiagiza, aliizunguka mara moja.

"Binti, hii imekuja kwa miguu?"

Mwanangu aliiziba kwa kisu na krimu, amechuchumaa kwenye korido ya ukumbi, huku muziki umeshaanza. Aliporudi alichukua kipande cha boksi, akaandika LINAUZWA, akakiweka kwenye kioo. Siku tatu. Alikuja mtu mmoja tu, naye alitaka viti peke yake.

Siku ya nne fundi akakiri kwamba dawa ni kurudisha springi za mwanzo, ila wengi wakishafunga mpya huziuza za zamani kwa wanunua vyuma, na kuzipata tena ni kutembea gereji zote. Nikamwambia mwanangu atazame chini ya kitanda changu. Zilikuwa ndani ya gunia, zote nne. Wala sikuwa na akili ya magari. Ni ule ubahili wangu wa kutotupa kitu.

Zikafungwa. Wiki mbili alizunguka mjini na bakuli la maji kwenye buti. Fundi alimuuliza kama gari limeanza kunywa. Aliendelea tu mpaka maji yakaacha kumwagika.

Ndipo shangazi yule akapiga simu. Mpwa wake mwingine anaolewa.

"Nakupa moja tena," alisema. "Ya tatu usitegemee."

Sasa ni saa nne. Ghorofa mbili ziko kwenye buti, ya juu iko mapajani mwangu, kiti cha nyuma, nilikoingia nimejikunja kama shuka sandukuni. Kila kona nakanyaga breki ambayo haipo.

"Mama, ukitoboa sakafu utailipa," anasema bila kugeuka.

Ukumbini, shangazi anafungua boksi. Anazunguka mara moja, mara mbili, anainama kutafuta ufa.

"Leo imekuja na nini?"

"Na lilelile, shangazi. Na mama nyuma."

Anaagiza nyingine, ya mwezi ujao.

Mwanangu hataki gari kubwa. Anapanga kupaka boneti rangi mwakani na kulifikisha kilometa laki tatu yeye mwenyewe. Namwamini. Ila wewe mzazi, wakibadilisha springi, za zamani ziweke.

Lile boksi la LINAUZWA halikutupwa pia. Analitandika chini anapolala kukagua gari, maandishi yakiwa yametazama ardhi.