Paka wa Parokia na Midoli ya Pamba Fifi

Nianze kwa kukiri, maana kuficha hakusaidii, Kirumba yote inajua: Krismasi iliyopita mimi, bibi wa watu, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke niliyezoea kuwanyamazisha wenzangu kwa jicho tu, nilimkimbiza paka kanisani katikati ya mahubiri, kiatu kimoja mguuni na kingine sijui wapi, nikimwita majina yasiyoitwa mbele ya altare. Wanaosimulia wameongeza chumvi (eti niliruka mabenchi, sikuruka, nilipita katikati kama watu wengine). Kwa hiyo nimeona niandike mwenyewe, ingawa shule yangu iliishia darasa la nne, ili ibaki habari iliyonyooka.

Chanzo cha yote ni viatu vya shule. Krismasi ya mwaka uliotangulia, mwanangu Masanja alimnunulia binti yake Kabula mdoli wa plastiki wenye nywele za njano, ule ukiubonyeza tumbo unaimba, na juu ya hayo gari la betri, kwa sababu watoto wa jirani wamenunuliwa na yeye hakutaka mwanawe aonekane hana baba. Sawa. Siku ya tatu mdoli ukanyamaza, siku ya tano mkono wake mmoja ukaonekana mtaroni, gari nalo likalala chini ya kitanda magurudumu juu, na shule zilipofunguliwa Kabula akaenda na ndala, maana hela ya viatu ndiyo ile iliyokuwa ikiimba. Mwalimu akamrudisha. Mtoto hakulia. Alizivua zile ndala akazipanga mlangoni, moja sambamba na mwenzake, kama za mgeni. Hapo ndipo niliposema, sikukuu ijayo, katika nyumba hii na katika jumuiya hii, hatanunuliwa mtoto kitu kinachokufa kabla ya mwaka mpya.

Mwezi wa kumi nikasimama kwenye kikao cha jumuiya nikawaambia wanawake: tushone wenyewe. Vipande vya vitenge mafundi cherehani wanavitupa kila siku, vifungo vya mashati yaliyochakaa vipo kila nyumba, tutengeneze midoli kwa wasichana na ng'ombe kwa wavulana (kuna mtoto gani wa Kisukuma asiyetaka ng'ombe?), tuviweke mbele ya pango la Noeli, na baada ya Misa kila mtoto achague kimoja bila kujua kimeshonwa na nani. Hela ya zawadi tuitunze kwa ajili ya viatu vya Januari.

Aliyepinga ni jirani yangu Mama Shija, muuza mitumba, mwanamke anayejua bei ya kila kitu mjini. Akaniambia, "Bibi Kabula, unataka wajukuu zetu waonekane wa shida?"

Nikamjibu kuwa shida ni kwenda shule na ndala. Wanawake wakakubali, isipokuwa yeye, aliyesema tuendelee tu, yeye atakuwa anatazama, na mwaka unaofuata sote tutarudi dukani kwa miguu yetu. Maneno hayo nikayaweka moyoni.

Tulishona wiki tano. Mimi ndiye niliyetafuta ya kujazia. Mdogo wangu Luhende analima pamba Misungwi, na wakati wa mavuno nilikuwa nimempelekea gunia la dagaa kwa ajili ya watu wake wa shamba. Kwetu gunia likija limejaa halirudi kwa mwenyewe tupu, hiyo ni fedheha, kwa hiyo yeye akalijaza pamba fifi, ile ya daraja la chini ambayo wanunuzi wanaikunjia uso, akanipakilia kwenye gari. Akanipigia simu akasema, "Dada, ianike juani siku mbili kabla hujaitumia."

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi hiki: mvua zilikuwa zinanyesha, uani matope, na mimi nilikuwa na haraka. Nikaingiza kichwa changu chote ndani ya lile gunia, nikavuta pumzi mpaka mapafu yakajaa, nikaona haina harufu yoyote. Safi kabisa. Nikaanza kujaza.

Sasa mnaonijua mnajua kazi yangu. Nimeanika dagaa, nimechambua dagaa na nimeuza dagaa pale soko la Mwaloni tangu Masanja yuko mgongoni, na leo ana ndevu. Pua yangu haisikii dagaa kama vile ninyi msivyosikia harufu ya hewa. Na wale wenzangu niliokuwa nashona nao ni akina nani? Ni wa Mwaloni vilevile. Tulikaa wanawake tisa tumezunguka gunia la harufu, na hakuna hata mmoja aliyekunja pua.

Aliyesikia ni mkwe wangu Neema, mke wa Masanja, ambaye anasuka nywele saluni mjini na pua yake bado ni mpya. Alirudi kazini jioni, akanisalimia shikamoo vizuri kama kawaida yake, halafu akasimama pale mlangoni. "Mama, mbona midoli inanuka dagaa?"

Nikamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Mwanamke anayesikia harufu ambayo watu tisa wazima hawaisikii, mimi najua ana nini. Nikamuuliza, "Neema, una miezi mingapi?"

Akasema hana hata siku moja. Nikamwambia asione aibu. Usiku nikamwambia Masanja ajiandae kulea, na kesho yake nikawaambia wenzangu Mwaloni, nao kwa furaha yao wakaanza kumletea udongo wa kula, ndimu, na maembe mabichi. Alikanusha mara tatu. Nikasema ni haya za wasichana wa siku hizi (mnaona jinsi ninavyojitafutia mwenyewe).

Siku ya Krismasi tukatandika mkeka mbele ya pango, tukapanga vitu ishirini na sita. Niseme ukweli, vilipendeza. Ng'ombe walikuwa na pembe za ngozi ya viatu vikuukuu, midoli ilikuwa na macho ya vifungo na vilemba, na mmoja, nilioushona kwa mkono wangu, nilikuwa nimeuvalisha sare ya shule na viatu vyeusi vya kitambaa. Kabula alikuwa ameshauona. Alikaa benchi la watoto hajapepesa, anauangalia kama mtu anayelinda kuku.

Kanisa lilijaa, mvua ilikuwa imekatika, jua likapiga bati, na joto likaanza kupanda. Padri akapanda kuhubiri. Ndipo akaingia paka wa kwanza, yule wa njano wa parokia anayefugwa kwa ajili ya panya wa stoo. Akapita polepole mpaka kwenye mkeka, akakaa karibu na kondoo wa pangoni, akafumba macho. Watoto wakacheka chinichini. Nikajiambia ataondoka. Badala ya kuondoka akaja wa pili, mweusi, halafu wa tatu, na huyu wa tatu akaanza kumlamba ng'ombe pembe.

Mimi akili yangu ikaniambia, kuna samaki humu ndani. Nikageuka. Kando yangu alikaa Mama Shija na kapu kubwa limefunikwa kitambaa, kwa kuwa baada ya Misa alikuwa anakwenda kuwasalimia wakwe zake Usagara. Nikamnong'oneza, ila sauti yangu haijui kunong'ona, imelelewa sokoni.

"Mama Shija, ndiyo umeleta samaki kanisani?"

Mabenchi matatu yakageuka. Yeye akafunua kapu taratibu: maandazi. "Nusa," akasema. Nikainama nikanusa (pua hiihii), nikasema amewaficha chini. Hapo uso wake ukabadilika. Akaanza kuyatoa maandazi moja moja, anayapanga juu ya benchi mbele ya watu, mpaka kapu likawa jeupe, na moja likabiringika likaenda zake mpaka kwa wanakwaya. Hakukuwa na samaki. Nilikuwa bado natafuta la kusema nilipomsikia Kabula.

"Bibi, anauchukua!"

Yule paka wa njano alikuwa ameuma shingo ya mdoli wa sare ya shule, vile anavyobeba mtoto wake, anatembea katikati ya kanisa bila haraka, kama mtu aliyetoa sadaka anarudi kukaa. Sikufikiri. Nilitoka benchini, kiatu kikabaki, nikapaza sauti yangu ya Mwaloni, paka akashtuka akakimbia, nami nyuma yake, Padri ameacha mahubiri, watu wanavuta miguu nipite.

Nilimkuta nje chini ya kengele. Wenzake walikuwa wameshamfikia na wanavutana, na nilipofika mdoli ulikuwa umepasuka tumbo. Pamba ilikuwa chini, na ndani ya pamba, jamani, vichwa vya dagaa. Vidogo, vikavu, vimekaa kama mbegu. Lile gunia lilirudi na masalia yake yote.

Nilipoinua macho nusu ya kanisa iko mlangoni. Mama Shija akaja, akaokota kipande cha pamba kwa vidole viwili, akanusa, akampa aliye nyuma yake. Afadhali angenitukana. Aliyesema ni Neema, kwa adabu zote, mikono ameifumbata:

"Mama, na mimi nina miezi mingapi?"

Walicheka mpaka wengine wakaegemea ukuta. Masanja mwenyewe, mwanangu wa kumzaa, alijifuta machozi. Lakini kicheko hakikunitisha. Nimechekwa na ninacheka watu. Kilichonitisha ni kuona wanawake wangu wanane wametazamana, kila mmoja akinusa viganja vyake, na nikajua wanachofikiri: mwaka kesho ni dukani, na Januari ni ndala. Viatu vya watoto wote vilikuwa pale chini pamoja na vile vichwa vya dagaa.

Nikasema mbele ya wote, kwa sauti ileile niliyomtukania paka, kwamba nimemsingizia Mama Shija na ninaomba radhi, na kwamba mkwe wangu hana mimba, ana pua. Padri naye alikuwa amefika mlangoni. Akasema, "Mama, pangoni wanyama nao wana nafasi. Haya, rudini tumalize Misa." Nikarudi na mguu mmoja mtupu, na nikakaa palepale nilipokuwa, sikujificha nyuma.

Misa ilipokwisha watoto wakaitwa kwenye mkeka. Hakuna aliyekwenda. Walisimama wanasukumana, wakubwa wameshaanza kubana pua, na wajukuu wa Mama Shija wako pale na midoli yao inayoimba. Sijawahi kuona mkeka mpana hivyo.

Kabula akatoka. Hakugusa vile vizima. Alikuja kwangu, akachukua mikononi mwangu ule uliopasuka, akaingiza pamba tumboni kwa kidole, na vichwa vyake vya dagaa, akavua kitambaa chake cha kichwani akaufunga mgongoni. Akawageukia wenzake.

"Huyu anaitwa Dagaa," akasema. "Paka wamempenda yeye tu, hawakuutaka wa dukani."

Sikumfundisha. Naapa sikumfundisha neno hata moja. Kufumba na kufumbua mkeka ukawa mtupu, na wavulana wawili karibu wapigane kwa yule ng'ombe aliyelambwa pembe. Mjukuu wa Mama Shija alilia kwa kukosa.

Siku iliyofuata jua lilitoka kweli. Tukakusanya kila kitu, tukafumua, tukaitupa ile pamba yote, tukafua vitambaa kwa sabuni mara tatu. Tulikuwa tumekaa uani tunawaza tujaze nini nilipomwona Mama Shija anaingia na kiroba cha mitumba iliyochanika, sweta na soksi zisizouzika, zimefuliwa, zimekatwakatwa. Ameshika sindano yake. Nikamkaribisha kiti. Akakaa, akatutazama sisi wanawake wa Mwaloni, akasema, "Ninyi shoneni. Mimi nitanusa."

Na alinusa. Kila kilichotoka mkononi mwetu alikipeleka puani, viwili akavirudisha, nami sikubisha.

Shule zilipofunguliwa nilisimama njiani asubuhi, najifanya nafagia mbele ya nyumba, lakini nilikuwa natazama miguu. Kabula alipita na viatu vyeusi, nilivipiga rangi mwenyewe mpaka vinaonyesha mawingu. Wakapita watoto wa Mama Rhoda, tuliyeshona naye, wakapita mapacha wa mtaani, wakapita wa jumuiya yetu wote, viatu, viatu, viatu. Nilifagia mahali pamoja mpaka pakawa shimo. Dagaa mwenyewe hadi leo ninapoandika yuko mzima, ameshashonwa tumbo mara mbili, analala na Kabula, na yule paka wa njano anakuja kumwangalia dirishani.

Kwa hiyo mwaka huu tunashona tena, na Neema ndiye anayechora mifano ya kukatia vitambaa. Lakini nimeweka nadhiri, na mnaonijua nikumbusheni nikiisahau: pua yangu nimeistaafisha. Sitasema tena kitu ni safi kabla Mama Shija hajakinusa, na mwanamke akiniambia pana harufu, sitamhesabia miezi.