Afande Kitunguu na Mfungwa wa Dakika Tano

Dada Pi-yun ana miaka arobaini na mmoja, hana mume, na ana duka la kifungua kinywa hapa katika mji mdogo wa Huwei, mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha sukari. Saa kumi na moja alfajiri bamba lake la chuma limeshashika moto. Watoto wa shule wanakula wamesimama, madereva wanafungiwa chakula waondoke nacho, na wazee wanakaa na gilasi moja ya maziwa ya soya mpaka gazeti liishe. Saa saba mchana anashusha mlango nusu. Mimi namwoshea masufuria, mwanangu yuko mgongoni, na kwa kuwa kuosha hakuhitaji macho, macho yangu yamekuwa yakimtazama yeye miaka miwili sasa.

Akishafuta bamba anavua aproni, anajibanza kwenye kona ya friji mbele ya kompyuta iliyoshika mafuta ya kukaangia, anaiwasha. Kuanzia hapo si muuza mikate ya mayai tena. Ni Afande Kitunguu, mkuu wa askari katika meli inayosafiri kati ya nyota.

Ni mchezo. Watu arobaini, kila mmoja yuko kwake, wanaingia kwenye meli moja na kila mmoja anapewa kazi: huyu mpishi, huyu daktari, huyu fundi wa mabomba, huyu nahodha. Safari moja ni saa mbili hivi, kisha meli inatia nanga na mambo yanaanza upya. Wanazungumza kwa kuandika. Mmoja au wawili wanateuliwa kwa siri kuwa wahalifu, na waliobaki wanafanya uhalifu kwa kuchoka kukaa bure. Ndiyo maana wapo askari.

Mimi nilidhani askari ndiye mwenye raha, maana ana rungu, pingu na funguo. Dada Pi-yun alicheka.

"Mdogo wangu, askari anaweza kumharibia mtu siku kuliko mwizi. Mwizi akikuibia umepata kisa cha kusimulia. Askari akikufungia umepata ukuta wa kutazama."

Ukuta anaujua. Kabla ya duka alifanya kazi mji wa Taoyuan, kiwanda cha vipuri vya simu. Msimamizi akikuta kosa moja tu, mstari mzima wa wasichana ishirini uligeuzwa kuangalia ukuta saa ya chakula. Kosa lenyewe lilikuwa nini, hakumbuki. Ukuta anaukumbuka: ulikuwa wa kijani, na ulikuwa na msumari mmoja.

Kwa hiyo kwenye meli yake hakuna kumpiga mtu aliyefungwa pingu, na hakuna hukumu kabla ya mshtakiwa kuulizwa kama ana la kusema. Adhabu anaitafuta mpaka iendane na kosa na imfurahishe hata anayeadhibiwa. Fundi aliyevunja dirisha kwa makusudi alisimamishwa mahali pa kioo dakika tatu azuie upepo. Daktari aliyeiba keki alivalishwa kofia ya kuku, akatumwa kupima mapigo ya moyo ya wapishi wote. Wawili waliopigana alifunga mkono wa huyu na mkono wa yule kwa pingu moja, akawapa barua za kugawa vyumba vyote. Walirudi marafiki, wakaenda kuiba pamoja.

Mahabusu anaitumia mara chache, na kosa dogo halizidi dakika tano. Mchezo una saa yake inayofungua mlango wenyewe, lakini yeye haitumii. "Mtu asifunguliwe na mashine," anasema. Anachukua saa ya mayai ya dukani, ile ndogo ya kengele ya kupimia mayai yanapochemka, anaitega kando ya kompyuta, na ikilia anaenda mwenyewe mlangoni, anamfungulia mtu, anampa kikombe cha chai, anamwambia, "Tumemalizana." Na aliwakataza askari wake kugusa mfungwa wa mwenzao, kwa sababu msaidizi wake mmoja, anayejiita Nyundo, alikuwa na tabia ya kuwaendea wafungwa wa wengine na rungu.

Sasa nisimulie ile Jumanne ya mwezi wa saba.

Mtu anayejiita Tofu Baridi aliletwa mbele yake. Dada Pi-yun huwa ananisomea kwa sauti, maana kusoma kwangu ni kwa kuburuza.

"Umeshtakiwa kwa kuiba kiti cha nahodha na kukificha kwenye friji. Una la kusema?"

"Afande, kiti kilikuwa kinatoka jasho. Nilikionea huruma."

"Nahodha amekalia ndoo tangu asubuhi."

"Ndoo inamfaa. Muulize yeyote."

Dada Pi-yun alikuwa anacheka peke yake huku vidole vikienda. "Dakika tano ndani, kisha utakiomba kiti msamaha mbele ya watu."

"Kwa kupiga magoti?"

"Kwa kukikumbatia."

"Kali, lakini haki," akaandika Tofu Baridi, akaingia mahabusu kwa miguu yake.

Dada Pi-yun alikuwa ametega saa tu, tukasikia wimbo wa gari la taka; huku kwetu gari hupita likipiga wimbo, na kila mtu hukimbia kulipelekea taka yake. Lilikuwa limewahi kama robo saa, na tayari lilikuwa limefika kona ya hekalu. Jumatano gari haliji. Ukilikosa Jumanne, maganda ya mayai mia mbili na makapi ya soya yanalala nawe, na kwa joto la mwezi wa saba hata wateja wanajua.

"Narudi sasa hivi," akasema. Mifuko mkono mmoja, ndoo mbili mkono wa pili, akapita chini ya mlango kama msichana.

Gari likampita. Akalifukuza mpaka mtaa wa pili, na huko akamkuta Bibi Tsai wa ng'ambo ya barabara akigombana na mtu wa gari. Bibi alikuwa amechanganya mabaki ya chakula kilichopikwa na maganda mabichi, ambavyo kila kimoja kina ndoo yake, na yule kijana hakutaka kuvipokea. "Huyu hapa anipe ushahidi," akasema Bibi Tsai, akamshika dada Pi-yun mkono. Wakachambua ndoo pamoja. Halafu wakarudi kwa mwendo wa bibi, na mkwe wa bibi akazungumzwa njia nzima.

Mimi nilikobaki dukani, saa ya mayai ikalia. Mwanangu ndiyo kwanza alikuwa amelala kwenye mkeka baada ya kusumbua mchana kutwa. Nikainyamazisha upesi asiamke. Kisha nikatazama kompyuta. Mtu mdogo alikuwa amesimama katika chumba cha hatua nne, na maandishi yakawa yanapanda mstari mmoja mmoja.

"Afande, tano zimefika."

"Afande?"

"Basi ziwe kumi, kwa heshima ya kiti."

Nyundo akapita nje ya mlango.

"Niite Kitunguu," Tofu Baridi akamwambia.

"Kitunguu amesimama koridoni anatazama ukuta. Nimemsukuma, hasemi."

"Nifungulie wewe."

"Wewe ni mfungwa wake. Sigusi. Sheria yake hiyo."

Kisha ukaja mstari mmoja ambao niliusoma mara mbili nikidhani nimekosea: "Leo ndiyo siku yangu pekee ya kupumzika wiki hii."

Mikono yangu ilikuwa na povu. Sikujua nibonyeze wapi, na niliogopa kuharibu. Kutoka nje kumwita dada Pi-yun, mtoto ningemwacha na nani? Nikabaki nimesimama nikimtazama mtu ambaye sikuweza hata kumwambia avumilie.

Dada Pi-yun akaingia anatabasamu, bado ana mambo ya Bibi Tsai mdomoni. "Kengele imelia?"

"Imelia, dada. Niliizima, mtoto alikuwa amelala."

Akatazama saa ya ukutani. Dakika ishirini na saba. Hakunilaumu, na nilitamani anilaumu. Akakaa na mikono yake ya makapi vile vile, akafungua mlango wa mahabusu.

Tofu Baridi hakutoka. "Nimehesabu vigae," akaandika. "Viko sitini na vinne."

"Nilikimbilia gari la taka," dada Pi-yun akaandika.

"Jumanne," akajibu Tofu Baridi.

"Ndiyo."

"Ulilipata?"

"Mtaa wa pili."

"Naelewa, afande. Lakini safari imebaki nusu saa, na mimi huku nje ya mchezo ni mlinzi wa maegesho ya magari, zamu yangu inaanza kesho mpaka Jumanne ijayo."

Wakati huo Nyundo alikuwa ameshamwita msimamizi wa mchezo. Wasimamizi wako juu ya wote, hata nahodha, na askari anayemtelekeza mfungwa wanaweza kumvua beji moja kwa moja. Nyundo alikitaka cheo cha Kitunguu siku nyingi. Mnaweza kusema beji ya kuchorwa ni kitu gani. Mimi nimemwona dada Pi-yun akiamrishwa na wenye njaa tangu alfajiri, weka yai, toa yai, harakisha. Beji ile alipewa na watu wasiomjua uso, kwa sababu tu walimwona ana haki. Sasa alikuwa ameshika meza kama mtu aliye kwenye boti.

Msimamizi anaitwa Popo. "Kitunguu, una la kusema?"

"Sina. Nilimhukumu tano, akakaa ishirini na saba." Mimi hakunitaja. "Naomba anihukumu yeye mwenyewe."

"Beji nitaiamua mimi meli ikitia nanga," akaandika Popo. "Mengine ni ya Tofu."

Nyundo akaingilia. "Mfungie ishirini na saba na yeye."

"Nikimfungia, mimi nitafaidika nini?" akaandika Tofu Baridi. "Nikae nusu saa yangu nautazama mlango nikiwa nje? Achukue toroli la usafi. Azunguke meli yote akiimba wimbo wa gari la taka mpaka kila mtu atoe taka yake. Na mimi nitapanda juu ya toroli, kwenye kiti cha nahodha."

Kiti kikatolewa kwenye friji. Dada Pi-yun akaanza kuandika la la li la, la la li la, akisukuma. Korido ya kwanza hakutoka mtu. Ya pili, mlango mmoja ukafunguka. Kisha yote. Watu arobaini waliokua wakikimbilia wimbo ule tangu utotoni hawakuweza kujizuia. Daktari alitoka na bandeji, wapishi na mifupa, nahodha na ndoo yake.

"Subiri, subiri, nafunga mfuko."

"Mbona leo mmewahi?"

"Hizo zimepikwa, mama, ndoo ya pili," Tofu Baridi aliamuru kutoka juu. "Wewe fundi, hiyo taka au mkwe wako?"

Dada Pi-yun alicheka mpaka akajifuta machozi kwa bega. Nyundo alitoka wa mwisho, na glavu moja.

Meli ikatia nanga. Popo akamuuliza Tofu Baridi anataka beji ivuliwe au la.

"Isivuliwe," akaandika. "Nikikosa tena, nataka anikamate yeye. Ila isiwe Jumanne."

Popo hakumsikiliza yote. Kosa ni kosa, akasema: wiki tatu bila beji, na akirudi, kila mfungwa atafunguliwa na saa ya meli. Nyundo atakaimu.

Nilimtazama dada Pi-yun usoni. Aliisoma hukumu mara moja, akaandika, "Ningekuwa wewe ningeweka wiki nne." Kisha akaongeza ombi dogo: saa ifungue, sawa, lakini yeye aruhusiwe kuwapo mlangoni. Popo akakubali.

Jioni ile hakuzima kompyuta mara moja. Akanivutia kiti, akachukua mkono wangu ambao bado ulikuwa na unyevu, akaanza kunionyesha herufi moja moja mpaka nikaweza kuandika peke yangu, bila msaada: "Vumilia, anakuja."