Nyuzi za Kijani za Ziwa la Alby

Kila barafu inapoyeyuka na ziwa la Alby kuanza kunuka tope na majani mabichi, namkumbuka Shangazi Spesi, sketi ameipandisha magotini, mikono yote miwili ndani ya maji ya baridi, akichota utelezi wa kijani ambao darasa letu zima lilikuwa limeukimbia.

Nilikuwa darasa la tano. Shangazi, dada yake baba, alikuwa ametufikia majira yale ya baridi akitokea kambi ya wakimbizi ya Kigoma, na tangu siku ya kwanza akawa mtu wa kukaa dirishani. Ukimsemesha, alijibu "ndiyo" au "hapana," basi. Zamani alikuwa msusi, mama alisema, tena mcheshi wa kuvunja watu mbavu. Mimi, msomaji wangu, sikuamini. Shule ilipotafuta watu wazima wa kusindikiza darasa ziwani, baba alimtuma yeye, angalau apigwe na upepo.

Mwalimu wetu, Karin, alitaka tuchote mwani. Sisi tukaziba pua tukipiga kelele "äckligt!", neno la Kiswidi la kinyaa. Shangazi akavua viatu, akaingia. Alisugua fundo moja kati ya vidole, kisha lingine.

"Hizi si nywele za kichwa kimoja," aliniambia. "Hii inateleza kama imepakwa mafuta. Hii inakwaruza, tena ina matawi."

Nikamtafsiria Karin, naye akafurahi kweli. Ule wa kukwaruza ni kladofora, alisema. Huu wa kuteleza ni spirogira, hauna tawi hata moja. Yote ni mwani wa kijani, lakini spirogira ina undugu wa karibu zaidi na nyasi na miti kuliko na huyo jirani yake wa majini.

Darasani tukapanga foleni kwenye hadubini. Zamu yangu ilipofika niliona mirija myembamba, angavu kama kioo, seli zimeungana moja baada ya nyingine, na ndani ya kila seli utepe wa kijani umejizungusha kama springi. Karin akamwita Shangazi naye aje. Akainama, akafumba jicho moja, akakaa hivyo mpaka watoto nyuma yetu wakaanza kunung'unika.

"Ziko mbili, zimelala ubavu kwa ubavu," alisema. "Zimeshikana kwa vidaraja. Moja imejaa, mwenzake tupu. Hebu muulize, kwa nini?"

Nikauliza, nikatafsiri jibu kwa Kiswahili changu cha kuokoteza: hivyo ndivyo zinavyozaana. Seli za uzi mmoja hupitisha kila kilichomo ndani yake darajani, kikaungana na cha mwenzake, kikawa kidonge chenye ganda gumu.

"Na huu uliobaki mtupu?"

"Unakufa," Karin alijibu. "Uzi wa pili nao huoza. Kile kidonge huzama topeni, kinalala, na hali ikiwa nzuri kinachipua uzi mpya."

"Kinajuaje kwamba hali ni nzuri?"

Karin akakuna kichwa. Joto, labda mwanga. Kwa kweli hakuwa na hakika.

"Kumbe hata yeye hajui!" Shangazi aliniambia, akaangua kicheko hadi machozi, darasa zima likageuka. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliniuliza hiki na kile, mpaka nikachoka. Kiangazi hakikuisha kabla hajaanza masomo ya Kiswidi, na leo ana saluni Hallunda, ambako mteja hapati nafasi ya kuongea.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa mwani ndio uliomponya. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipoanza kazi ya ukalimani na kukaa kando ya watu kama yeye mbele ya maofisa. Tangu avuke mpaka, kila aliyeketi nyuma ya meza alimuuliza yeye: jina, tarehe, nani alikufa, nani alibaki. Siku ile, kwa mara ya kwanza katika nchi hii, yeye ndiye aliyeuliza.